Unga Juu ya Oili

Zege lilimwagwa mbele ya nyumba ya bosi mwaka uleule alioacha kazi ya ushirika wa pamba na kuanza kununua sangara kwa ajili ya viwanda. Lilianzia getini likapanda hadi barazani, la kijivu, laini, limechorwa miraba kwa ncha ya mwiko. Mtaani kwetu, kule juu kwenye mawe, magari mengine yote yalilala kwenye kokoto. Watu walikuwa wakipita wanasimama kulitazama. Bosi alilimwagilia maji siku saba kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni, na siku ya nane akatuita, mimi na wadogo zangu wawili, akatupa masharti. Tusitwangie pale. Tusianike dagaa pale. Na gari lisifunguliwe pale hata nati moja.

"Dereva akitaka kutengeneza gari, aende gereji," alisema. "Nikikuta tone la oili, sitauliza dereva. Nitauliza nani alifungua geti."

Mwenye ufunguo wa geti nilikuwa mimi.

Tuliishi chumba cha uani, nyuma ya jiko. Baba aliwahi kufanya kazi na bosi enzi za pamba. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, ndugu walikaa kikao nyumbani, kule Mara, siku ya kuondoa matanga, wakatugawa. Mdogo wangu anayenifuata aende kwa baba mdogo Musoma. Kitinda mimba aende kwa shangazi Ukerewe. Mimi niolewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikwisha kuiacha nikiwa darasa la sita, mama alipoanza kuugua. Nikasimama mbele ya wazee nikasema hatugawanyiki. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Utawaweka wapi?" aliuliza baba mkubwa.

Jibu lilikuja wiki mbili baadaye, bosi alipotuma salamu kwamba chumba chake cha uani kiko tupu na anataka mtu mwaminifu wa kushika geti na kufagia. Baba mkubwa aliridhia kwa maneno machache: "Sawa. Lakini siku mkifukuzwa, mgawanyo wetu ni uleule."

Kwa hiyo kile chumba hakikuwa chumba tu. Kilikuwa ndicho kinachotufanya tuwe watatu.

Alhamisi moja bosi akiwa Dar es Salaam, dereva wake alikuja na pikapu akapiga honi getini. Nikafungua kidirisha.

"Dada, nifungulie. Namwaga oili tu, dakika kumi, nimechelewa kufuata samaki Musoma."

"Bosi amekataza."

"Bosi yuko Dar. Anarudi na treni ya Jumapili. Zege litamwambia?"

"Nenda gereji."

"Gereji kuna foleni mpaka kesho." Akashusha sauti. "Dada, mimi ni mtu wa kuniacha nje kweli?"

Hapo alinishika. Dereva huyu ndiye aliyempeleka mama hospitali mara ya mwisho, akamshusha mikononi kama mtoto, na hakuomba hata asante. Nikafungua.

Alikuwa mwangalifu, siwezi kumsingizia. Alitandika gunia, akaweka karai chini ya injini, akaimwaga oili yote humo, nyeusi, nzito, ya moto. Kisha akalivuta karai kwa mpini ili alitoe chini ya gari, na mpini ukabaki mkononi mwake. Karai likapinduka. Oili ilienda taratibu, haikuwa na haraka, ikajaza mraba mmoja, ikavuka mstari, ikajaza wa pili na wa tatu. Ilipotulia ilikuwa na ukubwa wa mkeka wa watu wawili, katikati kabisa kati ya geti na baraza.

Dereva alishika kichwa. Akachota mchanga nje akaumwaga juu, akaukanyagakanyaga.

"Itakauka," alisema. "Ikibaki alama, nikirudi Jumatatu nitaitafutia dawa. Usimwambie mtu, dada. Nina watoto."

Akaondoka. Na mimi nilikuwa na watoto.

Nilianza kwa kufanya yale ambayo mtu mwenye hofu hufanya: kila kitu kwa pamoja. Nilifagia mchanga, nikamwaga maji ndoo nne. Maji yakabeba oili yakaisogeza hadi karibu na maua, yakiwa na rangi za upinde wa mvua juu yake. Nikakumbuka mafundi wananawa mikono kwa mafuta ya taa, basi nikachukua ya kwenye kibatari chetu, nikapaka, nikasugua kwa tambara. Doa likawa jepesi kidogo na likawa kubwa maradufu. Mdogo wangu anayenifuata aliniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, acha. Linakula." Kweli lilikuwa kama linakula. Saruji ilikuwa inainywa ile oili mbele ya macho yetu. Usiku ule sikuona doa, nilimwona shangazi wa Ukerewe akiwa amemshika kitinda mimba mkono.

Ijumaa asubuhi nilishuka ziwani, kwa akina mama wanaokaanga mapanki. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka kwenda Ulaya. Wao wanaikaanga na kutuuzia sisi. Mabanda yao yana sakafu ya saruji, na mafuta huruka humo mchana kutwa, lakini sakafu zao zilikuwa safi. Niliwahi kuliona hilo bila kulifikiria.

"Oili ya gari?" alicheka mmoja, mnene, mwenye khanga kiunoni. "Kwenye zege la bosi? Funga mizigo, mwanangu, nikusindikize stendi!"

Wote wakacheka. Nilijaribu kucheka nikashindwa, na mama yule akaona. Akaweka upawa chini.

"Umemwaga maji?"

"Nimemwaga."

"Umeipa njia. Na mafuta ya taa?"

"Nimepaka."

"Yesu na Maria! Sasa sikiliza. Usisugue kabla hujainyonya. Sisi bwana afya akitaka kuja, tunatandika majivu na unga jioni, tunalala, asubuhi tunafagia. Unga hunywa mafuta. Nenda kwenye mashine ya kusaga, omba vumbi la muhogo lile linalofagiwa chini. Changanya na majivu. Juu yake chumvi ya mawe, hiyo ndiyo itakayokwangua. Tandika nene kama godoro, usiliguse mpaka kesho mchana. Kisha maji ya moto na magadi, na gunzi. Usitumie brashi ya waya, utachuna zege."

"Litatoka?"

"Litatoka au utatoka wewe," alisema, na safari hii nilicheka.

Nilifanya kama alivyoagiza. Mwenye mashine alinipa vumbi debe zima. Kufikia Ijumaa jioni kati ya geti na baraza palikuwa na duara kubwa jeupe lenye kijivu, na chumvi ikimetameta juu yake. Kuku wa jirani walikuja kudonoa, nikawafukuza, wakaacha alama za miguu zikizunguka pembeni. Nikaenda kulala nikiwa na matumaini kidogo. Haikunijia hata mara moja kujiuliza mtu mwingine akikiona kitu kile atakiita nini.

Jumamosi kabla ya adhuhuri, geti liligongwa kwa fimbo.

Alikuwa mama yake bosi. Nilimjua kwa picha iliyokuwa sebuleni. Tuliambiwa atakuja kuishi na mwanawe baada ya mavuno, na mavuno yalikuwa bado. Alikuwa peke yake, na furushi moja kichwani, kitenge kimejaa vumbi. Alikuwa amevuka Busisi kwa kivuko alfajiri akapata nafasi kwenye lori. Alikuwa mwembamba sana. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu kweli, kama ya watu waliopikia samadi ya ng'ombe maisha yao yote. Nasema hili kwa sababu miaka ile, upande ule wa nchi, kikongwe mwenye macho mekundu hakuwa salama; aliweza kuitwa mchawi na kuuawa. Sisi vijana tulisikia habari hizo kama tunavyosikia habari za mvua.

"Shikamoo, bibi," nilisema nikipiga goti.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya geti, mwingine nje, na aliurudisha ule wa ndani.

"Nani kaweka hiki?"

"Ni mimi, bibi."

"Nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ilinipasa niseme oili. Lakini oili ni gari, na gari ni geti, na geti ni mimi. Ulimi ukatafuta neno lisilo na gari ndani yake.

"Mafuta, bibi. Yalimwagika mafuta, nimeweka unga yaondoke."

"Mafuta." Alilirudia polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu, kila neno alilipima. "Mafuta ya nini?"

Ningeweza kusema ya kula, lakini ni nani anayemwaga mafuta ya kula kiasi kile? Na kwa mtu wa kwao, mafuta yanayomwagwa mbele ya mlango wa tajiri si ya kula, ni ya kurogea. Kuna mafuta ya simba. Kuna mengine ambayo hayatajwi. Nililielewa hilo nikiwa bado nimepiga goti.

"Mafuta," alisema tena, sasa akihesabu kwa vidole. "Unga. Majivu. Chumvi. Na kuku amepita. Umebakiza nini?"

Mama mwenye genge la nyanya mkabala na geti alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Wengine wawili watatu wakamfuata. Alitazama, akapiga kofi moja.

"Mimi nilisema! Watoto wamefiwa na baba na mama mwaka mmoja, mnafikiri ni hivihivi? Si wa hapa hawa. Nani anawajua kwao?"

"Mama, mimi nanunua nyanya kwako kila siku," nilimwambia.

"Ndiyo, na kila siku unaniangalia!"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Bibi alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa geti, furushi kichwani, fimbo imetangulia mbele kama anapima kina cha maji.

"Kanyaga," aliniambia.

Nikavua ndala. Nikaingia kwenye unga mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ulikuwa wa baridi na mzito, umekwisha kunywa, ukanata kwenye nyayo. Nikatembea hadi upande wa baraza na kurudi.

"Na hao."

Wadogo zangu walikuwa kwenye kona ya nyumba, wameshikana. Hapa nitasema kweli, maana sijawahi kuisema. Niliujua unga ule. Niliuomba mwenyewe mashineni, nikaubeba mwenyewe. Hata hivyo, bibi aliposema "na hao," moyo wangu ulikataa. Nikawaza: je, kama wakikanyaga na wiki ijayo mmoja akapata homa? Watu watasema nini? Na zaidi ya hapo, mimi mwenyewe nitasema nini? Hofu ya wale waliosimama getini ilikuwa imeniingia mimi, juu ya unga wangu mwenyewe.

Lakini nikawaita. Wa kwanza alipita mbio. Kitinda mimba, aliyekuwa na miaka saba, alijaribu kupita kama dadake, akafika katikati, mguu ukateleza, akaanguka kwa makalio, pwaa, unga ukaruka.

"Mmeona?" alipiga kelele mama wa genge. "Limemwangusha! Limemtambua mwenyewe! Wachawi hawa, wachawi, nawaambia!"

Nyuma yake mtu akasema lile neno tena, kwa sauti ya kiume. Nikamwona mmoja akiinama kuokota kitu. Huku mlimani kwetu mawe hayatafutwi. Nilimfunika mdogo wangu kwa mwili wangu palepale kwenye unga, na nikangoja.

Kilichokuja ni fimbo. Ilipiga geti la bati mara moja, kishindo kikubwa.

"Nani kasema?" Ilikuwa sauti ya bibi, lakini haikuwa ile ya kuhesabu. "Nani kasema hilo neno? Wewe? Umeona kwa macho yako?"

"Bibi, sisi tunakusaidia wewe..."

"Umeona anafanya? Saa ngapi? Alivaa nini?"

Bibi alishusha furushi lake chini, polepole, akalivuka geti. Aliutembea ule upande msafi wa zege hadi ukingo wa unga, akasimama juu yetu. Kitinda mimba alikuwa analia, mikono miwili myeusi kwa myeupe. Bibi akainama, magoti yakimlia, akaukamata mkono mmoja, akauleta puani. Akanusa. Akanusa tena, kisha akakinusa kitenge chake mwenyewe begani.

"Hii ni lori," alisema.

Akauachia mkono wa mdogo wangu.

"Nimekaa na harufu hii toka Busisi. Hii ni oili." Akanigeukia, kwa hasira ya kweli sasa, hasira ya mama. "Wewe binti, una akili? Oili ni oili. Kwa nini unasema mafuta?"

"Niliogopa, bibi."

"Ukiogopa ndiyo useme vizuri."

Aliwageukia wa getini akawaambia kama kuna mwenye maji ya moto alete, kama hana aende. Wakaenda. Mama wa genge aliondoka wa mwisho, akidai hata yeye alihisi harufu ya gari tangu mwanzo.

Mchana ule tulifagia, tukachemsha maji, tukamwaga magadi, tukasugua kwa magunzi, wote watatu. Bibi alikaa kwenye kigoda barazani, akituonyesha kwa fimbo tulikosahau. Katikati ya kazi, bila mtu kumuuliza, alisema:

"Kule kwangu niliamka asubuhi nikakuta unga mlangoni. Mistari miwili, hivi. Sikungoja wa tatu."

Niliacha kusugua: kwao naye alikuwa ametiwa alama ya mchawi. Nikaelewa kwa nini mguu wake ulirudi nje ya geti, na kwa nini alikuja kabla ya mavuno, peke yake. Nikasema, "Pole, bibi." Akasema, "Sugua."

Doa lilitoka. Mama wa mapanki alisema kweli. Lakini lilipokauka tuliona jambo jingine: pale lilipokuwa doa, zege lilikuwa jeupe, jeupe kuliko zege lote, kama kiraka kipya kwenye suruali kuukuu. Mtu yeyote angeona. Basi tukaendelea. Tuliosha kutoka getini hadi barazani, mraba kwa mraba, jioni ile na Jumapili tangu alfajiri, hadi vidole vikachubuka kwa magadi, ili pote pafanane. Sikuwa na mpango wa kumdanganya bosi. Nilitaka tu asilione kabla sijamwambia.

Bosi alifika na teksi kutoka stesheni mchana. Alishangaa kumwona mama yake, wakasalimiana kwa kilugha kwa muda mrefu, na nilimwona akishika ukuta aliposikia habari ya unga wa mlangoni. Kisha akatazama chini.

"Zege limeoshwa. Kuna nini?"

Nikamwambia yote. Nilisema oili. Nilisema dereva alikuwa na haraka na mimi ndiye niliyefungua. Alisikiliza akiwa bado ameshika begi lake la safari.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia utauliza nani alifungua geti. Ni mimi."

Alikuwa mtu wa kutimiza alichosema, na ndiyo maana watu walimwamini na samaki wao. "Mwisho wa mwezi mtafute pengine," alisema. "Si kwa ubaya."

Nikasema sawa. Mdomo ulisema. Kichwani nilikuwa nimeshafika Musoma na Ukerewe, naacha mmoja huku na mmoja kule.

"Mdogo huyu atalala chumbani kwangu," alisema bibi kutoka kwenye kigoda.

"Mama, nimesema wanaondoka."

"Nimesikia. Na mimi nasema nawe usikie. Nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Wewe unashinda barabarani na samaki. Silali humu peke yangu. Nataka mtoto wa kuamka nikimwamsha, na hawezi kulala bila dada zake kuwa karibu. Basi."

Bosi akaingia ndani na begi lake.

Hakuirudia tena habari ya mwisho wa mwezi. Wala hakusema tubaki. Ulipofika nilifunga nguo zetu kwenye shuka, nikakaa juu yake asubuhi nzima nikingoja kuitwa, na hakuna aliyeniita. Mwezi uliofuata nikafunga tena. Nilifanya hivyo miezi mingi, wadogo zangu wasijue. Na kila jioni, jua likishuka ziwani, nilimvusha kitinda mimba uani hadi mlango wa jikoni, anaingia, na mimi nabaki nje nikisikiliza komeo la nyuma, kisha la mbele, kisha sauti ya bibi ikiuliza kama yote mawili yamekaza, na ya mdogo wangu ikimjibu, "Yamekaza, bibi. Nimevuta."